Nabii wa Spa ya Kiganjo

Mwanamke mmoja alisimama langoni petu, chini ya kibao kilichoandikwa SYOKAU SPA kwa rangi ya waridi, akaniuliza, "Dada, samahani, spa ya hapa karibu iko wapi?"

Nilikuwa naanika taulo. Nikamwonyesha kibao kwa kidole.

Akakitazama, akatazama simu, akakitazama tena. "Simu inasema ya karibu iko Ruiru."

"Lakini hapa ni spa."

"Naona," akasema kwa huruma, kama mtu anayeongea na mgonjwa. "Ni vile simu haiwajui." Akapungia boda boda mkono, akaenda kutafuta gari la Ruiru.

Mama Mutie alikuwa amesikia yote. Yeye ndiye Syokau wa kibao, mdosi wangu, anayenilipa mshahara. Alikuwa ameketi kwa kiti cha kuoshea wateja miguu, maana kilikuwa wazi. Hicho kiti kilikuwa kimezoea kuwa wazi.

"Nyawira, umeona? Mtu anatoka mlangoni kwangu anaenda kukandwa Ruiru!" Akajipiga paja. "Na Kivuva amenipigia tena. Mambo yakiendelea hivi, mwezi ukiisha anachukua chumba chake aweke spea za pikipiki."

Kivuva ni ndugu yake, na jengo ni lake. Mimi spea za pikipiki sizijui. Ninachojua ni migongo. Chumba kikienda, ningerudi kuvuna mananasi shambani, kazi niliyoacha mikono ikiwa imechanwachanwa hata kujiosha kichwa siwezi. Kwa hivyo Mama Mutie aliposema twende kwa Gachau wa cyber, kijana wa kompyuta, nilivaa viatu kabla yake.

Gachau alirudi nasi, akapiga picha viti, mafuta na taulo zangu kwenye kamba. Akatuweka kwenye ramani ya Google, pahali penyewe, mtaa wa Kiganjo, si Thika hivi hivi.

"Sasa kimebaki kitu kimoja," akasema. "Watu waliowahi kuja hapa waandike. Msinunue maneno, msidanganye. Kila mtu aseme alikuja na shida gani, akafanyiwa nini, na ni wapi. Simu ikiona hivyo inawaamini."

"Waandike kwa Kizungu?"

"Waandike vile wanaongea, Mama."

Sasa, wateja wetu wa kweli walikuwa akina mama wa ushirika wa kanisa la Mama Mutie kule Kamenu. Huja Alhamisi wakitoka kwa maombi. Mama Mutie akawaomba Jumapili baada ya ibada: jamani, semeni tu vile mlitendewa. Wakakubali kwa moyo wote. Shida ni kwamba mama wa ushirika akiambiwa aseme mbele ya watu vile alitendewa, anajua njia moja tu ya kuanza.

Wa kwanza alikuwa Mama Tabby. Mama Mutie alinisomea kwa sauti.

"Bwana asifiwe. Tena Bwana asifiwe. Mimi ni Mama Tabby wa Kamenu, nimeokoka, nampenda Yesu. Nilikuwa nimefungwa na mgongo. Nimezunguka mahospitali. Nilipofika Kiganjo kwa Syokau niliwekewa mikono, nikapakwa mafuta, na ule mgongo ukaniachilia. Wewe unayesoma, usikate tamaa."

Nyota tano.

Na hakukuwa na uongo ndani. Mikono ni hii yangu. Mafuta ni ya nazi.

Wengine wakafuata. Mmoja aliandika aliingia akichechemea akatoka akirukaruka. Mwingine aliandika alipiga nduru mpaka majirani wakatoka nje, kisha akajisikia kiumbe kipya. Huyo nilikuwa namtoa nywele za miguu kwa nta.

Mimi nilisoma zile riviu polepole, nikahisi kitu hakijakaa sawa. Lakini Gachau alipiga simu akipiga kelele, "Mama, mko juu ya Ruiru! Mtu akitafuta, nyinyi ndio wa kwanza!" Mama Mutie akacheza mpaka kilemba kikaanguka kwa beseni. Nikakiokota, nikakianika.

Jumamosi nilifungua lango nikakuta foleni. Hakuna hata mmoja aliyekuwa akiangalia kucha zake. Mama mmoja alikuwa ameleta picha ya kijana wake. Mwingine alikuwa na galoni ya maji. Mbele kabisa alikuwa mzee wa koti zito, ameegemea bakora, pembeni yake binti yake.

"Habari yenu, wageni," nikasema. "Ni miguu ama mgongo?"

"Ni goti," akasema binti. "Naitwa Bridget, huyu ni baba, Mzee Njau. Tumetoka Ruiru mapema. Mtumishi ameshafika?"

"Mtumishi gani?"

"Yule wa kuweka mikono."

Nikarudi ndani mbio. Mama Mutie alikuwa amekwama dirishani, mkono mdomoni. "Aiya! Nyawira, tumekuwa kanisa!"

Wakati huo huo Kivuva akaingia kwa mlango wa nyuma, tepu ya kupimia mkononi. Alikuwa amekuja kupima mahali rafu za spea zitakaa. Akachungulia nje. Tepu ikajirudisha yenyewe, chwap.

"Hawa wote ni wako?"

"Wanataka nabii," Mama Mutie akamwambia.

"Basi wape nabii! Dada, wacha ujinga. Hii sasa ndiyo biashara. Weka maikrofoni, huyu msichana umvalishe kanzu nyeupe. Spea nitapeleka kwingine."

"Na nikikataa?"

"Ukikataa watatawanyika, na mimi nimekuja na tepu."

Mama Mutie akanitazama. Nikaona kabisa anaipima ile kanzu akilini, atashonea wapi. Kisha akaketi. "Nyawira, mikono ni yako," akasema. "Mimi sijui tena."

Nikatoka. Nilitaka sana kazi yangu. Lakini yule mama wa picha alikuwa ameanza kunisogelea akiifunua polepole ili niiwekee mikono.

"Wazazi wangu," nikasema, "ile mikono mmesoma ni hii. Mafuta ni ya nazi, ya kununua dukani. Hapa hakuna nabii. Siwezi kuponya mtu. Naweza kumkanda tu."

Mama wa picha akairudisha mkobani. Kisha mwenye galoni akauliza, "Na mbona Mama Tabby ameandika?"

"Ameandika ukweli. Ni vile ameandika kama ameshika maikrofoni."

Watu wakaguna, mmoja akacheka, foleni ikaanza kuyeyuka. Wachache walibaki wakishauriana. Nyuma yangu nikasikia tepu ikivutwa ukutani.

"Baba, twende," Bridget akasema.

"Siendi."

"Baba, si umesikia? Hakuna nabii."

"Nimesikia, mimi si kiziwi. Lakini nimeshavua kiatu. Wewe unajua kazi ya kuvaa hiki kiatu?"

Kweli, mguu mmoja ulikuwa na soksi tu. Nikamshika mkono kama babu yangu, "Guka, njoo basi," nikamketisha. Nikaweka miguu yake kwa maji moto na chumvi, nikapaka goti mafuta. Nikawa nabonyeza kidogo namuuliza, "Hapa panauma? Na hapa?" Alijibu mara chache za kwanza. Baadaye akakoroma, mkoromo mzito mpaka Kivuva akaacha kupima akageuka.

"Amekufa?"

"Amelala," Bridget akasema, macho yamejaa. "Hajalala mchana tangu mvua za mwaka jana."

Alipoamka alidai simu ya Bridget. "Andika ninavyosema, usiongeze." Akakohoa. "Hakuna nabii. Goti bado linauma. Lakini msichana wa hapa huuliza kabla ya kubonyeza, hata daktari wangu haniulizi. Maji ni moto. Nimelala. Choo kiko nyuma. Nyota nne. Ya tano nitaleta goti likinyamaza."

Hiyo ndiyo watu walisoma. Walioanza kuja ni wafanyakazi wa viwandani wa kusimama kutwa, walimu, makondakta wa mgongo mbovu. Walikuja wakitaja lile la maji moto na lile la kuuliza.

Mwezi ulipoisha, Kivuva alikuja na tepu yake. Mwalimu mmoja aliyekuwa benchini akamzuia. "Ndugu, foleni inaanzia kule."

Kivuva akaenda kule. Ilipofika zamu yake akanyoosha bega la kulia, akasema kwa sauti ya chini, "Nimebeba spea nyingi. Uliza kwanza kabla ya kubonyeza." Tepu aliisahau kwa kiti. Siku hizi napimia pazia nayo.

Juzi nilikuwa naanika taulo, boda boda ikasimama. Ni yule mwanamke aliyetuacha langoni akaenda Ruiru. Simu mkononi.

"Nilikuwa Ruiru napitia simu," akasema, "inaniambia nije Kiganjo."

"Karibu. Ni hapa."

Akainua kichwa, akakitazama kibao cha rangi ya waridi kwa makini, akafurahi.

"Mlifungua lini?"