Breki za Mwalimu Polepole

Mume wangu alitangaza kwamba anafunga shule yake ya udereva akiwa amesimama mlangoni mwa jikoni, nami nimeshika sufuria ya moto kwa vitambaa viwili. Sijui ni nani aliyemfundisha kuchagua wakati. Nilitua sufuria nikamwambia arudie. Akarudia maneno yale yale: atawamalizia wanafunzi alionao, wapya hapokei, na gari litauzwa.

Watu wanamwita Mwalimu Polepole. Shule yenyewe ni yeye na gari moja jeupe lenye pedeli mbili za breki. Moja ni ya mwanafunzi, nyingine iko upande wa abiria anapokaa mwalimu, ili mwanafunzi akipotewa na akili yeye asimamishe gari bila ugomvi. Nusu ya madereva wa mtaa wetu wamepita mikononi mwake, na wengi wao bado humwamkia wakiwa wameshafunga mikanda, kwa woga tu. Mtu wa namna hiyo hafungi shule kwa sababu amechoka. Nikamuuliza sababu.

Akaninyooshea mikono. Niliitazama, sikuona kitu. Akasema hapo hali yenyewe haionekani. Humshika barabarani, akiwa peke yake, anaporudi nyumbani kwa barabara kuu. Akianza kupunguza mwendo kwenye mteremko wa darajani, mikono inatetemeka mpaka usukani unacheza. Ilianza kidogo, akadhani ni uchovu. Sasa ni kila siku.

Nilijua papo hapo anachofikiria, maana baba mkwe nami nilimuuguza. Marehemu alianza kwa kumwaga chai, akaja kushindwa na vifungo vya shati, mwisho tukawa tunamlisha kwa kijiko. Wanawe wawili, mume wangu na mdogo wake, walishika zamu kitandani kwake mpaka siku ya mwisho. Tangu tumzike, hakuna kati yao aliyewahi kuutaja ugonjwa ule. Ukiutaja wewe, mmoja anakumbuka ana kazi nje.

Nikamuuliza kama gari amemwonyesha mdogo wake. Akasema amemwonyesha. Shemeji yangu huyo ni fundi wa magari, gereji yake iko nyuma ya soko. Alilizungusha gari mitaa miwili, akalirudisha na kusema breki ni nzima, diski na pedi za mbele bado mpya, alizifunga kwa mikono yake mwenyewe, gari halina tatizo.

“Sasa kama gari halina tatizo,” mume wangu akasema, “tatizo ni mimi. Mtu anayetetemeka hamfundishi mwenzake kushika usukani.”

Akaenda kukaa sebuleni. Nilipompelekea chai, kikombe kiligonga kisahani, na yeye akakitazama kama mtu aliyesomewa hukumu. Mimi nilijua hofu nayo hutikisa kikombe, lakini huwezi kumweleza hivyo mtu ambaye ameshajizika.

Binti yetu, ambaye anasomea uuguzi na ana jibu la kila jambo, alisema kwa simu kwamba baba apelekwe hospitali mara moja. Nikamwambia atapelekwa, nitampangia siku. Ila gari halina foleni, kwa hiyo tunaanza na gari.

Kesho yake nikaenda gereji. Shemeji alikuwa chini ya lori, miguu tu ndiyo iliyoonekana. Akaitambua sauti yangu, akauliza kutoka huko huko kama nimekuja kumletea kazi au kumtukana. Nikamwambia vyote viwili, atoke.

Nilimuuliza alipolijaribu gari la kaka yake aliliendesha kwa mwendo gani. Mwendo wa mtaani, akasema, watoto wamejaa njiani. Nikamuuliza kama kaka yake alimwambia linatetemeka wapi. Alimwambia, mteremko wa darajani, kwenye mwendo mkubwa. Basi kwa nini hukwenda mteremkoni?

Alichukua kitambaa akaanza kufuta mikono. Akafuta, akafuta, na kitambaa chenyewe kilikuwa kichafu kuliko mikono.

“Shemeji,” akasema, “ningefika mteremkoni nikakuta gari limetulia, ningerudi kumwambia nini?”

Kisha akaitazama mikono yake mwenyewe, hapo ndipo nilipomwelewa. Amepishana na kaka yake miaka michache tu. Kilichomo katika damu ya mmoja, mwingine hawezi kusema hakimhusu. Alikuwa amelirudisha lile gari mapema ili asijue.

Mwingine angempa pole. Mimi nilimwambia woga wake utamfanya kaka yake auze gari zima, na kwamba kesho asubuhi, kabla ya magari kuwa mengi, tunakwenda mteremkoni wote watatu. Akasema sawa, kwa sauti ya mtu anayeitwa kung'olewa jino.

Asubuhi hiyo mimi ndiye niliyeshika usukani. Kwa kawaida naliendesha lile gari kwenda sokoni na kurudi tu, mwendo wa mbuzi, na halijawahi kunifanyia lolote. Mume wangu alikaa upande wa abiria, mahali anapokaa siku zote, na shemeji akakaa nyuma, kichwa amekiingiza katikati yetu. Mitaani nilikanyaga breki kwenye kila tuta. Kimya. Mume wangu akasema, unaona. Nikamwambia sijaona chochote bado, anyamaze.

Tulipoingia barabara kuu nikaliachia gari likimbie. Tulipofika juu ya mteremko, shemeji akageuka kutazama nyuma, akasema hakuna mtu. Nikakanyaga.

Usukani ukaanza kucheza mikononi mwangu kama mpini wa mashine ya kusaga. Gari lilipokuwa kasi, ulicheza haraka haraka, mwendo ulipopungua ukacheza taratibu, mwishowe ukatulia kabisa. Pedeli nayo ilikuwa ikinidundadunda mguuni. Shemeji akauliza nimesikia wapi, nikamwambia mikononi na mguuni. Akasema yeye kiti chake hakikutikisika hata kidogo. Akaniambia niliachie tena gari likimbie, kisha nivute breki ya mkono, taratibu, nimeshikilia kitufe, maana ile hushika magurudumu ya nyuma peke yake. Nikavuta. Gari likapunguza mwendo kama limeingia kwenye siagi. Akasema basi nyuma ni salama, kitu kiko mbele. Sauti yake ilikuwa imeanza kuchangamka.

Mume wangu hakuchangamka. Alikuwa akitazama kioo cha mbele.

“Unanihurumia,” akaniambia.

“Mimi? Tangu unioe, umewahi kunisikia nikidanganya kwa huruma?”

Akafikiri kwa makini, jambo ambalo sikulipenda. Halafu akasema hapana, hakumbuki. Lakini labda mikono yangu ilitetemeka kwa sababu sikuzoea mwendo ule. Wanafunzi wake wengi huwa hivyo.

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Hawakusema tumfanye nini mtu anayejitwisha maradhi ya gari. Niligeuza darajani, nikapanda mteremko upya, nikageuza tena. Nikaitazama ile pedeli iliyo chini ya mguu wake, ambayo imewaokoa watoto wa watu na kuku wa watu, na nikaona ujinga wetu wote watatu.

“Weka mikono mapajani,” nikamwambia. “Safari hii unakanyaga wewe.”

Aligeuka kunitazama, kisha akafanya nilivyomwambia. Juu ya mteremko nikaurudisha mguu wangu nyuma kabisa, aone. Shemeji akasema njia nyeupe. Mume wangu akakanyaga kama anavyofundisha, kidogo kwanza, halafu anaongeza.

Usukani ukacheza, lakini hakuutazama. Alikuwa ameinamisha kichwa akitazama mikono yake, nayo imelala juu ya suruali, viganja juu, imetulia kama vitu vilivyosahauliwa na mtu mwingine. Yangu ndiyo iliyokuwa ikicheza ngoma. Akaachia breki, usukani ukatulia. Akakanyaga tena, ukacheza. Aliendelea hivyo mpaka chini, kukanyaga na kuachia, kama mtoto aliyegundua swichi ya taa.

“Ni gari,” akasema.

Mimi nilikuwa naendesha, na kule nyuma shemeji alikuwa akipenga kamasi kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

Kule gereji, gari lilipandishwa jeki na kazi ikakwama kwenye nati ya kwanza. Shemeji alitia spana, akavuta, akaning'inia. Akaleta bomba refu akalichomeka kwenye mkono wa spana ili kuongeza nguvu. Nati ikalia kama mlango wa jela.

“Nani alikaza hizi, tembo?”

“Mimi,” mume wangu akasema, na alisema kwa fahari.

Akaeleza. Kila Jumapili akishaosha gari, huzunguka magurudumu yote manne na spana, na kila nati huipandia, anasimama juu ya spana kwa uzito wake wote. Ujanani, alipokuwa dereva wa kuajiriwa, gurudumu lilichomoka likampita barabarani, likaingia uani kwa watu. Tangu siku hiyo haamini nati. Mimi nilikuwa nikimwona kila Jumapili juu ya ile spana, nikidhani ni mambo ya magari. Mtu na ibada yake.

Shemeji alichuchumaa. Akamuuliza huanza na nati ipi.

“Ya juu. Halafu inayofuata, halafu inayofuata, mpaka nizunguke.”

Shemeji akajifunika uso kwa mikono yake miwili michafu. Alipojifunua akatueleza, na alieleza vizuri hata mimi nikaelewa. Diski ya breki imebanwa kati ya rimu na habu, ile sehemu gurudumu linapokaa. Ukikaza upande mmoja mpaka mwisho kabla ya kugusa upande wa pili, tena kwa nguvu za kusimama juu ya spana, diski inakaa upande. Ni kidogo sana, jicho halioni. Lakini ikizunguka, zile pedi za kuibana zinailamba mahali pale pale kila mzunguko, mpaka inakuwa nene hapa na nyembamba pale. Kwa mwendo wa kujifunzia husikii kitu. Kwa mwendo wa mteremkoni, zile pedi zinapanda na kushuka, na usukani unacheza.

Akafunga kipimo chenye uso kama wa saa, ncha yake ikigusa diski, akaizungusha diski kwa mkono. Mshale ambao ulitakiwa kusimama ulitembea kwenda na kurudi. Mume wangu alisogea akautazama kwa karibu sana. Sijawahi kumwona mtu akifurahia kitu kibovu namna ile.

Nilikuwa nimeshafungua mdomo kumshukia mume wangu. Lakini shemeji alikuwa ameitoa diski, akainama kutazama ndani. Nyuma yake, usoni mwa habu, kulikuwa na kutu iliyovimba kama ukoko. Alipofunga diski mpya hakupasugua. Diski haikuwa na mahali tambarare pa kukaa tangu siku ya kwanza.

“Hii ni yangu,” akasema. “Zile nati ni zako, kaka, lakini hii ni yangu.”

Nikawaambia kweli wametoka tumbo moja. Mmoja hasafishi, mwingine anakaza kupita kiasi, na wote wawili walikuwa tayari kumzika mtu mzima.

Walicheka. Mume wangu alicheka mpaka akashikilia boneti.

Kazi ilichukua asubuhi yote iliyobaki. Habu zilisuguliwa kwa brashi ya waya mpaka zikang'aa, zikafungwa diski na pedi nyingine. Nati shemeji alizikaza kwa mkingamo, hii kisha ya upande wa pili, kwa spana ya kupimia nguvu, ambayo ikifika kiwango inagonga tak, unaacha. Gurudumu la mwisho mume wangu aliomba alikaze yeye. Spana ikagonga. Akaitazama, akamtazama mdogo wake.

“Imetosha?”

“Imetosha.”

“Nisipande kidogo tu?”

“Kaka, shusha mguu.”

Akaushusha, kwa shida. Shemeji akampa ile spana aende nayo, akasema ni bora aikose yeye fundi kuliko kumwachia mwenzake ile ya zamani.

Kurudi nyumbani aliendesha yeye. Shemeji alifunga gereji akaja nasi, hakuna aliyemuuliza kwa nini. Mteremkoni mume wangu aliliachia gari mpaka mwendo ule ule, akakanyaga. Usukani ulikaa kama meza. Tulivuka daraja, akageuza, akapanda na kushuka tena, na mara ya pili shemeji alinyoosha mkono kutoka nyuma akaushika usukani kwa vidole, na kaka yake akamwacha.

Baadaye kidogo mume wangu akasema hospitali atakwenda vilevile. Akapimwe, wamwambie walichoona. Jana asingeweza, akasema, maana angekuwa anakwenda kuthibitishiwa. Leo anakwenda kuuliza. Shemeji akasema kama ni hivyo waende wote wawili, siku moja. Nikawaambia siku nimeshaipanga, na mmoja akijifanya ana kazi nje nitamfuata na sufuria.

Tulifika njia panda. Hapakuwa na gari hata moja, lakini alisimama, akawasha taa ya kuashiria, akatazama kulia, kushoto, kulia tena.

“Pale mteremkoni,” akaniambia, “ulikuwa umeshika usukani kama unamkaba mwizi. Na gia hukupunguza.”

Nikamkumbusha kwamba wanafunzi wapya hapokei.

“Wewe si mpya,” akasema. “Ni mzee mwenye tabia mbaya. Tutaanza Jumatatu, pamoja na yule dada wa duka la dawa niliyemkatalia. Nikifika nyumbani nampigia simu.”