Pole kwa Nyumba ya Nyasi

Cibalonza alimpa pole bibi wa watu, na pole yenyewe ndiyo iliyozua mambo.

Bibi huyo alikuwa Mwingereza wa miaka tisini, na Cibalonza ndiye aliyemwogesha kila asubuhi katika nyumba ya wazee huko Westerville, Ohio. Siku hiyo ukutani palikuwa na picha mpya, ya nyumba alimozaliwa: kuta nyeupe, madirisha madogo, na paa nene la nyasi lililoshuka hadi karibu na mlango. Kwa mtu wa Walungu, kwao Cibalonza, nyasi juu ya nyumba ni umaskini, wala hahitaji maelezo.

"Pole, bibi," akasema. "Mliteseka sana."

Bibi alimkodolea macho, kisha akacheka mpaka akakohoa. Nyumba ile, alisema, ina miaka mia nne. Mwenye nayo sasa ni tajiri, na hata akitaka kuiezeka kwa kitu kingine sharti aombe ruhusa serikalini. Mafundi wenyewe ni wa kutafuta kwa tochi.

Cibalonza aliendelea kumkausha miguu, lakini nafsi ilimsuta. Baba yake, mzee Birindwa, alikuwa fundi wa nyasi. Nusu ya nyumba za kilima chao aliziezeka yeye. Na ni Cibalonza, binti msomi, mjuaji wa kila kitu, aliyemsumbua mwaka mzima auze ng'ombe anunue mabati, kwa kuwa alimwonea aibu mbele ya wakwe. Mzee alilibomoa paa lake kwa mikono yake mwenyewe. Huku Amerika watu wakiuliza, Cibalonza husema baba alikuwa mwashi.

Saa tisa alirudi Whitehall, alikoishi na baba yake, akamkuta mzee kwenye kochi, akampa simu aliyopigia picha ile ya ukutani. Mzee aliikuza kwa vidole viwili.

"Huyu alianzia chini, akapandisha," akasema. "Unaona vile majani imelala? Maji inateremuka tu, haipate fasi ya kuingia. Na huku juu, kwa mugongo, aliongeza ingine. Bon. Huyu muntu alijua kazi."

Tangu wafike Ohio hakuwahi kusema maneno mengi hivyo kwa mkupuo mmoja.

"Baba, ile manjanja ya paa nilikulazimisha kununua..."

"Manjanja ilikuwa muzuri. Haikuvuja." Akamrudishia simu. "Donc, shida ni makelele tu. Mvua ikinyesha, hatukusikilizana. Ile siku mama yako alikufa, mvua ilinyesha sana. Aliniita, akaniambia kitu. Niliona midomo tu."

Miaka kumi na miwili Cibalonza alikuwa akiamini kwamba mama yake alifia usingizini. Alipiga magoti kwenye zulia, na sare ya kazi bado mwilini. Aliumia, na hakujaribu kuficha.

"Unisamehe, Baba."

Mzee alimwekea mkono begani.

"Hata miye niliipenda ile manjanja," akasema. "Ilikuwa inangaa."