Ndugu wa Chama Gani?

Fundi cherehani aliomba viza ya mtandaoni akamwone dada yake mgonjwa, katika jimbo linalogombaniwa na serikali mbili. Kwenye sababu ya safari aliandika: kumwona ndugu. Leo binti wa duka la intaneti alimsomea jibu huku akijizuia kucheka.

"Babu, wanauliza ni ndugu wa chama gani."

"Chama? Huyo tumenyonya ziwa moja!"

"Nijaze hivyo?"

"Thubutu! Watasema sisi wanyonyaji." Alivua miwani, akashusha pumzi. "Andika dada. Dada tu, mwanangu."

"Basi ombi linaanza upya, babu, mkiani mwa foleni."

Fundi aliitazama simu yake. Jana dada alishindwa hata kuongea.

"Anza," alisema, akaketi kusubiri.