Chunjua za Mama Recho

Mtaa mzima wa Lizaboni ulikuwa umeshamtibu Aurelia vidole. Huyu kaleta utomvu wa mpapai, yule mafuta ya maganda ya korosho kutoka Tunduru, yaliyombabua ngozi na kuziacha chunjua zimetulia tuli. Tangu serikali iruhusu biashara huria, maduka ya dawa nayo yalikuwa yameota kama uyoga, na hakuna lililokosa jibu.

Kilichomponza ni dawa iliyofanya kazi. Chupa moja ya dawa ya zahanati alijipaka yeye na kumpaka bintiye Recho, aliyekuwa nazo pia, baada ya kuloweka vidole na kusugua kwa jiwe. Miezi miwili tu, mkono wa Recho ukawa laini. Wa mamake, chunjua nne zikafika kumi na tisa.

"Mkwe wangu mvivu wa kujitunza," Bibi Kunegunda, mama wa mumewe, aliwaambia majirani. Afadhali ungekuwa uvivu.

Nesi Odilia wa zahanati alimkalisha pembeni. "Dawa hii inamenya ngozi tu, dada. Anayemaliza kazi ni mwili, na wako umechoka. Tutaendelea kupaka, ila tupime damu. Na mumeo aje."

Damu ikapimwa, virusi vikaonekana. Mwaka ule wa tisini na sita, ugonjwa wenyewe watu waliutaja kwa vidole, si kwa mdomo. Aurelia alijua kitakachofuata: angerudishwa kwao Matogoro na sanduku lake, na Recho angebaki, maana mtoto ni wa ukoo wa baba. Siku tisa alifunga mdomo. Mwoga, ndiyo. Ungekuwa wewe una mtoto wa miaka sita, tungekuona.

Siku ya kumi alifunga mlango wa chumbani, akamwambia mumewe, Rupert, kila kitu. Akasimama kungoja kufukuzwa.

Rupert alikaa kitandani. "Mimi nilipimwa mwaka juzi," alisema. "Ningekwambia, ungeondoka."

Mwaka juzi! Hasira ilimpanda Aurelia. Angeondoka, ndiyo, tena mbio, mzima na mwanawe mgongoni. Sasa hakuna aliyemfukuza, na hakuwa na pa kwenda.

"Mama asijue," Rupert alimsihi.

"Mama Recho!" Bibi Kunegunda aliita kutoka jikoni. "Njoo usonge ugali. Na uvifunge hivyo vidole!"

"Abee, mama," Aurelia aliitika, akatafuta kitambaa.