Mlango Ulioandikwa Mimi

Mwaka wa rashi, watu walipofurika kwenye vilima vya upande wetu wa Tarime kutafuta dhahabu, mimi niliwafuata na masufuria. Nilipika kando ya duara la Mzee Heche. Duara ndilo jina la shimo kwa wachimbaji. Mwanangu Jairo alikuwa na kibanda cha ufundi redio Bomani, lakini rashi ilipopamba moto akakifunga, akaja kusimamisha kingine karibu na jiko langu.

Kabla yake, waliokuwa chini waliongea na wa juu kwa kamba. Ukivuta mara moja, pandisha. Mara mbili, simamisha. Mara tatu, tukimbie. Siku moja kamba ilikwama kwenye matimba, zile nguzo zinazoshikilia udongo, na Nyangwine, mmoja wa wachimbaji, akavuta mpaka mikono ikachubuka bila mtu wa juu kujua. Alitolewa mguu umevunjika, akarudi kwao. Ndipo Jairo akaenda Migori kwa mjomba wake Oduol, akaleta redio kol tatu na mzigo wa waya wa antena.

Hakukata waya hata mmoja kabla ya kuuchora kwenye kompyuta. Aliuchora mezani kwangu asubuhi, wateja wakiwa bado hawajafika. Mimi nilifika kidato cha nne na fizikia nilikuwa naipenda, basi akawa ananieleza.

"Mama, waya unaanzia kwa Waitara, kwenye winchi ya kupandishia watu. Hapa unagawanyika. Tawi moja linashuka kwa Ryoba chini shimoni, jingine linakuja kwenye kibanda changu. Kila mwisho ni mlango. Napitisha wimbi mlango wa Waitara, programu inaniambia kiasi gani kimefika kwa Ryoba na kiasi gani kimerudi."

"Na kwa nini lirudi?"

"Likifika mlangoni likakuta redio, linapokelewa, linaishia hapo. Likikuta patupu, linageuka lilivyokuja, linakwenda kugombana na wenzake njiani."

Programu ilitaka kila mlango uwe na jina. Aliandika Waitara, akaandika Ryoba, na wa kwake akaandika Mimi.

"Kwa nini usiandike Jairo?"

"Jairo ni nani, Mama? Hapa niko mwenyewe."

Homa ya mapafu ilimchukua kabla mvua za vuli hazijakatika. Tulimzika nyumbani. Niliporudi jikoni, Waitara, yule wa winchi, alinijia na furushi la kitenge. Ndani mlikuwa na koti la Jairo, kompyuta, sanduku la vifaa na redio yake.

"Vitu vya marehemu havikai kazini, Mama Jairo. Tumeona tukuletee."

Nikamshukuru. Wote pale wananiita hivyo, Mama Jairo, na kila waliponiita siku zile nilikuwa nageuka polepole.

Tangu hapo maneno yakawa hayafiki. Waitara aliita, na chini Ryoba akasikia mikwaruzo tu. Walibadilisha betri, wakabadilishana redio, hali ikawa ileile. Mazungumzo mezani kwangu nayo yakabadilika.

"Jairo anameza maneno," alisema mmoja.

"Akiwa hai alikuwa mpole, haongei," Ryoba akajibu. "Sasa ameamua kusikiliza peke yake." Akacheka, akakuta amecheka mwenyewe, akaniangalia. "Samahani, mama yangu."

Nilimwongezea mboga. Sikuwa nimekasirika. Ukweli ni kwamba nilitamani iwe hivyo. Kama kuna mtu anameza maneno, basi mtu huyo yupo.

Mzee Heche alikuja mwenyewe kuniambia, kofia mkononi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Mama Jairo, sina ubaya na kijana wako. Lakini siwezi kushusha watoto wa watu kwenye shimo lisilosikia. Jumamosi nang'oa waya, tunarudi kwenye kamba."

"Kamba ilimfanya nini Nyangwine, mzee?"

Aliangalia chini. "Basi niambie wewe nifanye nini."

Nilimwomba anisubiri hadi hiyo Jumamosi.

Asubuhi iliyofuata, chai ilipoisha, nilifungua kompyuta. Mchoro ulikuwepo kama alivyouacha. Nilibonyeza alipokuwa anabonyeza, na mstari wa kutoka kwa Waitara hadi kwa Ryoba ukatokea juu, umenyooka. Kwa kompyuta hakukuwa na ugonjwa wowote.

Niliinua macho kuangalia kibanda chake. Waya ulikuwa unaning'inia kwenye nguzo, pale redio ilipokuwa. Nikarudi kwenye kioo. Pale bado paliandikwa Mimi.

Ili mchoro ufanane na kibanda, ilibidi nilifute jina lile.

Nilikwenda kwanza kuosha vyombo. Niliviosha vyote, hata vilivyokuwa safi. Kisha nikakaa, nikafuta, nikabonyeza. Mstari wa Ryoba ukaporomoka kama bonde, na chini kabisa ya bonde palikuwa palepale kwenye alama ya masafa ya redio zetu. Nilipoweka rezista, kifaa kidogo cha kupokea wimbi badala ya redio, mahali pa jina, mstari ukapanda tena.

Nilimwita Waitara nikamwonyesha. Alifuata mstari kwa kidole.

"Kwa hiyo ni mimi niliyeharibu?"

"Wewe ulimletea mama vitu vya mwanawe. Ungefanya nini kingine?"

"Basi turudishe redio pale."

Redio ile ilikuwa chumbani kwangu. Rangi ya kitufe chake imelika mahali alipokuwa anaweka kidole gumba. Ningeitoa, kama ingekuwa lazima. Lakini kwenye sanduku lake la vifaa nilikumbuka kuona kizibo cha chuma chenye rezista ndani, alichokuwa anakifunga mwisho wa waya wakati wa kupima. Wimbi likifika kwenye kizibo linaishia hapo, kama limekuta redio.

Jumamosi Mzee Heche alifika na koleo la kukatia waya. Nilikuwa nimeshapanda kwenye kigoda, nakaza kizibo kwa mkono. Nilishuka, nikamwashiria Waitara.

"Ryoba, Ryoba, unanipata?"

Koleo la Mzee Heche liligongagonga pajani kwake.

"Nakupata!" Sauti ilitoka safi, kama mtu yuko mezani. "Punguza kelele, kwani mimi kiziwi? Halafu muulize Mama Jairo leo kuna nini."

Watu walicheka. Mzee Heche alitia koleo mfukoni, akaichukua redio kwa Waitara, akanipa mimi kwa mikono miwili.

"Mjibu mtoto."

Nilibonyeza. Nikamwambia ni maharage na ugali wa muhogo, wapande kabla havijapoa.

"Nimekusikia mama, kila neno," alisema Ryoba.

Nilikaa na redio sikioni kidogo zaidi ya ilivyohitajika. Hakukuwa na mkwaruzo. Hakuna neno lililopungua njiani. Kisha nikaenda kupakua.