Kidole cha Isidori na Silinda ya Mjerumani

Mashine ya kusaga ya Mjerumani mmoja pale Msamala ilikata pumzi mwaka 1913, juma lilelile ambalo Isidori, fundi wake, alikuwa aoe. Kama ubovu uko kwenye pete za pistoni, basi, kwaheri Kunegunda, mchumba wake. Pete mpya zilikuwa Lindi, na Lindi huendwa kwa miguu, na hurudiwa kwa miguu hiyohiyo, kama bado unayo.

"Pete au vali?" aliuliza Mjerumani akienda bomani. "Nikirudi nataka jibu. Vali utaisugua hapahapa. Pete, kesho unaondoka na wapagazi. Na ukisema vali halafu mashine isiwake, utaondoka na viboko juu."

Kupima kwenyewe si kazi. Unafungua plagi, unaacha mlango wa hewa wazi kabisa ili silinda ivute, unaziba tundu la plagi kwa kidole gumba, na mwenzako anazungusha gurudumu kwa nguvu. Silinda nzima hukitupa kidole kama teke la punda. Silinda mbovu hukupulizia tu, kama bibi anayepoza uji. Hapo unamimina mafuta kidogo ndani, unapima tena. Kidole kikirushwa sasa, ujue mafuta yameziba pengo la pete: pete zimekwisha. Kikipulizwa vilevile, hewa inavujia kwenye vali.

Taabu ilikuwa hapo kwenye "mwenzako". Wanaume waliposikia neno Lindi, kila mmoja alikumbuka shamba lake la Namtumbo, hata wasio na shamba. Aliyebaki uani ni mama mmoja mwenye mikono kama michi, aliyeleta mahindi ya pombe ya harusi. Walburga. Mama mzazi wa Kunegunda.

Na Mngoni wa enzi zile hamtazami mama mkwe usoni wala hamsemeshi. Wakikutana njiani, mmoja huingia porini. Isidori akatundika mkeka kati ya silinda na gurudumu, akaanza kuzungumza na kikapu cha mahindi.

"Kikapu, shikamoo."

Sauti ikatoka nyuma ya mkeka: "Kikapu, mwambie marahaba, na mahindi yangu yatasagwa lini?"

"Kikapu, mwambie mama akinizungushia gurudumu, tutajua."

"Kikapu, muulize: huyu ndiye fundi tuliyempa binti yetu? Anazungushiwa mashine na wakwe?"

"Mwambie fundi ana kazi ya kidole."

"Kidole!" Walburga alikisahau kikapu. "Haya, kishikilie."

Gurudumu likazunguka hadi mkeka ukapepea. Kwenye kidole: fuuu.

"Kikapu, mwambie mama aongeze kidogo."

"Mwambie nikiongeza, kidole chake atakiokota mtoni."

Akaongeza. Fuuu.

Isidori alichukua kibuyu cha mafuta, na askari aliyekuwa akipita akasimama palepale. Tangu vita vya Maji Maji, Mngoni mwenye kibuyu hakosi kuulizwa maswali.

"Maji hayo?"

"Mafuta ya mashine, bwana."

"Onja."

Akaonja. Askari akaondoka ameridhika, Isidori akabaki anatema mate. Kisha akamimina mafuta kwenye silinda, akaziba tundu, akafumba macho.

"Kikapu, mwambie mama nguvu ileile. Asizidishe, asipunguze."

Gurudumu likazunguka. Isidori alikuwa ameshaanza kuona jua la Lindi.

Fuuu.

"Vali!" Alirarua mkeka, akamshika Walburga mikono yote miwili, akamkodolea macho. "Mama! Ni vali! Siendi Lindi mie!"

Walburga alijifunika uso kwa nguo. Isidori akatazama mikono yake kama si yake.

"Gurudumu," Walburga alisema kutoka ndani ya nguo, "mwambie huyo bwana harusi kwamba faini ya kosa hilo ni mbuzi. Mbuzi mnene. Wapo Madaba."

"Gurudumu, mwambie mama harusi ni Jumamosi!"

"Mwambie basi atembee upesi. Ila asugue vali kwanza. Mahindi hayajisagi."

Aliisugua kwa mchanga laini na mafuta, akapima tena, na safari hii kidole kilirushwa mpaka akalia kwa furaha na maumivu. Mashine ikawaka, mahindi yakasagwa. Mjerumani aliporudi alimkuta fundi wake langoni, fimbo begani, chakula cha njiani kimefungwa.

"Isidori! Kumbe ni pete?"

"Hapana, bwana. Ni vali, na imepona."

"Sasa unakwenda wapi?"

"Madaba, bwana. Kuna ubovu mwingine kwa mama mkwe, na huu hausuguliki."

Akashika njia ya Njombe, ipitayo Madaba, mbio.