Jina Moja Kwenye Kichujio

Mama Seva, kama wenzake walivyozoea kumwita fundi wa kompyuta wa hospitali ile, aliitwa mbele ya wakuu wa idara akiwa bado na bisibisi mkononi. Meneja wa mifumo alikuwa ameinua karatasi. Miadi ya wagonjwa ya wiki nzima ilifutika, alisema, na kumbukumbu za seva, zinazoandika nani kafanya nini na saa ngapi, zimemtaja mhusika. Akasoma mstari baada ya mstari, jina na saa, jina na saa, kwa sauti ya kutangaza msiba. Kila mstari ulikuwa na jina la Mama Seva.

"Kesho usije kazini," akamaliza. "Barua itakufuata."

Damu ilimchemka. Miaka yote ya kuziinamia seva hizo, leo anafukuzwa kama mwizi! Lakini karatasi ile ilikuwa safi mno. Seva inayoguswa na hospitali nzima, iweje mtu mmoja tu ndiye aliyefanya kazi?

"Bosi, hii umeitoaje?"

"Nimezichuja kumbukumbu kwa amri ya grep. Nadhani unaijua."

"Umeiambia itafute nini?"

Meneja akakunja uso. "Jina lako. Ulitaka nitafute nini?"

"Kwa hiyo umeagiza mistari yenye jina langu tu, ikaja, halafu unashangaa niko peke yangu! Ungeandika jina la mama yako mzazi, saa hizi tungekuwa tunamfukuza yeye! Na sehemu inayosema nilifanya nini, mbona umeikata kwenye kila mstari?"

Mtu mmoja akacheka, akajifanya anakohoa. Mama Seva hakucheka. Aliivuta kompyuta ya meneja, ambayo skrini yake ilikuwa imerushwa ukutani kwa projekta, akalifungua faili lile lile la kumbukumbu. Safari hii akachuja kwa neno la kufuta. Ikatoka mistari michache, yote ya jina la meneja, siku aliyojitia kusafisha diski iliyojaa, akaifuta na miadi. Akachuja tena kwa jina lake mwenyewe, bila kukata kitu. Mistari yake yote ilikuwa ya saa za baadaye, na kila mmoja ulisema kurudisha miadi.

Meneja akaifunga kompyuta taratibu. "Basi, dada yangu, yamekwisha. Tuendelee na ajenda."

"Hayajaisha." Mama Seva akamsogezea kompyuta. "Yangu umeyasoma yote mbele ya watu hawa. Fungua. Soma na ya kwako."

Meneja akafungua, akaanza kunong'ona.

"Paza sauti," akasema Mama Seva. "Mimi hukunisoma hivyo."